Makala ya kwanza: msimamizi, mlezi wa mtandaoni, kambi ya uandishi au kikundi cha wenzako?

Mhadhiri msaidizi aliyekwisha kutetea tasnifu na mwanafunzi wa uzamivu wa mwaka wa pili huja na swali lilelile: nimpate nani anishike mkono mpaka makala yangu itoke jaridani? Swali ni zuri, ila limeficha dhana kwamba mlezi ni mmoja na kazi yake ni moja. Makala hukwama mahali tofauti. Profesa anayeijua nadharia yako nje ndani huenda asiweze kukufanya ukae kitini uandike. Wenzako wanaokudai kurasa kila Jumamosi huenda hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujibu barua ya mhariri. Kwa hiyo kabla ya kuwalinganisha walezi, itazame makala yenyewe.

Kama hakuna kilichoandikwa, unahitaji muda uliofungwa na watu wa kukudai. Kama ipo sura ya tasnifu ambayo haijageuka makala, unahitaji jicho la kuiona hoja. Kama rasimu imekamilika na hujui pa kuipeleka, unahitaji mtu anayeyajua majarida. Kama imerudi na maoni ya wahakiki, unahitaji mtu aliyewahi kupigwa maoni ya namna hiyo akapona. Lugha ni jambo la tano, na kwa kawaida ndilo la mwisho, ingawa wengi hulilipia kwanza.

Shinikizo lipo. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2014 za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ziliweka sharti la makala mbili kwenye majarida yenye wahakiki kwa mwanafunzi wa uzamivu, na moja kwa wa umahiri. Kwingine shinikizo ni kupanda cheo. Haraka hiyo ndiyo inayompeleka mtu kwa "mlezi" wa kwanza anayejitokeza kwenye kundi la WhatsApp.

Msimamizi wako

Ana faida moja ambayo hakuna mwingine anayo: anaijua data yako. Alikuwepo ulipobadilisha dodoso, anajua kwa nini wahojiwa wa kijiji kimoja waliondolewa, na anajua mtahini wa nje aliuma wapi. Mlezi mwingine yeyote utamweleza hayo kwa wiki mbili.

Kasoro inayotajwa kwanza ni uchelewaji. Ya pili ni kwamba rasimu ikirudi imejaa mkato na nukta, wala hakuna neno juu ya hoja. Hii ya pili mara nyingi mwanafunzi huisababisha mwenyewe. Ametuma kurasa 30 na barua pepe ya mstari mmoja: "Naomba maoni yako, Prof." Mtu mwenye dakika 40 kati ya kikao na kipindi, akipewa kurasa 30 bila swali, atashika kinachoshikika, na kinachoshikika ni tahajia. Mtumie kurasa mbili tu: hoja kuu kwa sentensi moja, ikisiri, vichwa vya sehemu, na jedwali au mfano mmoja wa data ulio muhimu kuliko yote. Chini yake weka maswali matatu yanayojibika kwa ndiyo, hapana au jina. Kwa mfano: Je, hoja hii inabebwa na data ya sura ya tano peke yake? Je, nadharia hii naweza kuieleza kwa aya mbili? Jarida gani kati ya haya matatu? Akishajibu ndipo umtumie rasimu nzima, na jina la faili liwe na tarehe ili msirekebishe matoleo mawili tofauti.

Ipo kasoro ya tatu isiyosemwa sana. Msimamizi ameisoma tasnifu yako mara tano. Kiungo kinachokosekana kwenye maandishi yako yeye amekwisha kukijaza kichwani mwake, kwa hiyo hakioni. Ndiyo maana sura iliyosifiwa na msimamizi hukataliwa na mhariri ndani ya wiki moja, hata kabla ya kufika kwa wahakiki.

Tazama mfano huu wa kutunga. Sura ya tasnifu inaanza hivi:

"Sura hii imejadili utohoaji wa maneno ya simu za mkononi. Malengo mahususi yalikuwa matatu. Data ilikusanywa kwa usaili na ushuhudiaji. Matokeo yameonesha kuwa ipo mikakati mbalimbali ya utohoaji."

Hakuna kosa la sarufi hapo, na mtahini hatakuwa na neno. Lakini badilisha "simu za mkononi" uweke "mpira wa miguu" na aya itasimama vilevile. Sasa ileile ikiwa makala:

"Neno la mkopo linalokubali kunyambulishwa, kama 'chaji' linavyozaa 'chajisha' na 'chajiwa', hushika mizizi kwa wauza simu haraka kuliko istilahi rasmi inayobaki nomino tupu. Makala hii inalionesha hilo kwa mazungumzo 24 ya dukani, na inapendekeza kamati za istilahi zipime unyambulikaji kabla ya kupitisha neno."

Aya ya pili inaweza kubishiwa. Mtu anaweza kusimama kongamanoni aseme kuna nomino nyingi tupu zilizoenea bila kunyambulika, na mjadala ukaanza. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote: kama hakuna awezaye kukubishia, bado una sura.

Kuhusu ukubwa, tasnifu ya uzamivu ya maneno 80,000 haibanwi ikawa makala ya maneno 6,500. Hukatwa kipande kimoja tu. Mgawanyo unaofanya kazi kwa makala ya sayansi za jamii na lugha ni takriban maneno 800 ya utangulizi, 1,000 ya mapitio ya maandiko, 700 ya mbinu, 3,600 ya matokeo na mjadala, na 400 ya hitimisho. Anayeanza hufanya kinyume: mapitio yanakula nusu, na matokeo yanasukumwa kwenye kurasa tatu za mwisho. Mapitio ya tasnifu huonesha kwamba umesoma. Ya makala huonesha pengo moja, na ukishalionesha unanyamaza.

Halafu kuna suala la majina. Hapa ndipo uhusiano mwingi wa mwanafunzi na msimamizi huvunjikia, na huvunjika kwa sababu hakuna aliyesema mapema. Kwa majarida ya tiba na afya, masharti ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba (ICMJE) ni manne, na mwandishi hutakiwa kuyatimiza yote: awe na mchango mkubwa katika kubuni utafiti, au katika kupata, kuchambua au kufasiri data, awe ameandika rasimu au ameihakiki kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kutafuta fedha peke yake hakutoshi, wala kuwa mkuu wa idara. Anayestahili shukrani huwekwa kwenye shukrani. Upande wa fasihi na lugha bado makala nyingi zina jina moja, na desturi ya kila idara ni yake, kwa hiyo uliza. Uliza pia kanuni za kupandisha cheo za chuo chako zinagawaje alama makala ikiwa na waandishi wawili au watano, maana si sawa kila mahali.

Makubaliano yenyewe hayahitaji mwanasheria. Barua pepe ya mistari mitano baada ya kikao inatosha: nani wa kwanza, nani ataandikiana na mhariri, nani atafanya nini, rasimu itasomwa ndani ya wiki ngapi (tatu ni muda wa haki), na itakuwaje mmoja akikaa kimya miezi miwili. Mwanafunzi anaweza kuona aibu kumwandikia mkubwa wake hivyo. Iite "kumbukumbu za kikao chetu" na aibu itapungua.

Mlezi wa mtandaoni

Mradi wa ulezi unaojulikana zaidi kwa watafiti wa nchi zetu ni AuthorAID, ulioanzishwa mwaka 2007 na shirika la INASP la Uingereza. Muundo wake ni rahisi: mtafiti anajisajili, anaeleza fani yake na anachohitaji, anatafuta mlezi mwenye uzoefu wa kuchapisha, wanakubaliana kazi na muda. Wanaolea ni watu wanaojitolea. Mradi huo umekuwa pia ukiendesha kozi za bure za uandishi wa kitafiti mtandaoni.

Ukimweka kando ya msimamizi, mlezi wa mbali anashinda pale ambapo msimamizi ana upofu. Hajui lolote juu ya kazi yako, kwa hiyo anaisoma kama mhariri atakavyoisoma: baridi. Akiuliza "wahojiwa hawa ulichaguaje?" maana yake hukuandika. Anashinda pia kwa kuwa hana mamlaka juu ya shahada yako. Unaweza kumwambia hujaelewa maana ya kipimo fulani cha takwimu bila kuogopa habari kufika kamati ya idara.

Anashindwa kwingine. Hawezi kukukwamua kama data yenyewe ina tatizo, kwa sababu haioni. Watu wa afya, kilimo na mazingira hupata wenzao kwa urahisi kuliko mtu wa isimu ya Kibantu au ushairi. Na uhusiano hufa kwa ukimya. Chanzo cha ukimya huo huwa ni barua ya kwanza. "Natafuta mlezi wa kunisaidia kuchapisha" haimpi mtu mwenye shughuli zake kazi ya kuikubali wala ya kuikataa. Barua inayojibiwa ina mambo matano: mada kwa sentensi moja, aina na kiasi cha data, hatua uliyofika ("rasimu ya maneno 5,200, mjadala haujakamilika"), msaada mmoja mahususi unaouomba, na tarehe ya mwisho. Omba kitu kidogo kwanza, tuseme kusoma ikisiri na utangulizi ndani ya wiki mbili. Akikupenda ataomba zilizobaki mwenyewe.

Tahadhari moja: kusoma rasimu na kushauri hakumpi mtu haki ya kuwa mwandishi. Mlezi anayedai jina kama malipo, akatafute kazi nyingine. Hata hivyo, akichambua upya data yako na kuandika sehemu ya mjadala, mambo yamebadilika, na itabidi mrudi kwenye yale masharti manne.

Kambi ya uandishi

Siku tatu hadi tano, mbali na ofisi, vipindi vya dakika 90 vya kuandika kimya, vitatu au vinne kwa siku, na wawezeshaji wanaopita kusoma. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni muda, hakuna kinachoizidi. Mhadhiri mwenye madarasa mawili ya wanafunzi 300 na mitihani ya kusahihisha hapati saa tano mfululizo popote pengine.

Lakini kambi huandika kile ulichokuja nacho. Aliyekuja na data ambayo haijachambuliwa hutumia siku zote kwenye kompyuta akisafisha jedwali. Aliyekuja bila maandiko hugundua kuwa intaneti ya hoteli inagawanywa na watu 40. Kabla ya kuondoka nyumbani uwe na uchambuzi uliokwisha, majedwali yaliyokwisha, jarida moja ulilolichagua pamoja na mwongozo wake kwa waandishi, na makala 10 hadi 15 zilizokwisha kupakuliwa, tatu kati ya hizo zikiwa za jarida hilohilo. Hizo tatu zichunguze kama fundi achunguzavyo koti la mwenzake: aya ngapi za utangulizi, hoja inatajwa aya ya ngapi, majedwali mangapi, hitimisho refu kiasi gani.

Waandaaji waulize maswali mawili tu. Mwezeshaji mmoja ana washiriki wangapi? Wakizidi sita, utasikiliza mihadhara. Na kuna ufuatiliaji gani baada ya wiki sita au nane? Kambi isiyo na ufuatiliaji huzaa rasimu zenye asilimia 70 ya kazi, na hizo hulala kwenye folda hadi data ichakae. (La posho tuliseme na lipite: zipo warsha ambazo kila aliyehudhuria alisaini karatasi ya malipo na hakuna aliyerudi na ukurasa. Ukiona ratiba yenye ufunguzi rasmi wa nusu siku na picha ya pamoja, ujue.)

Ipo mipango iliyofungamanisha kambi na malezi ya miaka. CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa kwa pamoja na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwapitisha wanafunzi wake wa uzamivu katika afya ya umma na masuala ya idadi ya watu kwenye semina nne za pamoja, na Dar es Salaam, Makerere, Nairobi, Moi na Rwanda ni miongoni mwa vyuo washirika. Kwa sayansi za jamii, baraza la utafiti la CODESRIA la Dakar, lililoanza mwaka 1973, limekuwa likiendesha warsha za mbinu za utafiti na uandishi. Zote mbili huingiwa kwa ushindani. Ukipata nafasi usiikatae, lakini usiifanye ndiyo mpango wako pekee.

Kikundi cha wenzako

Hiki hudharauliwa, na kwa maoni yetu ndicho cha kuanza nacho kwa mtu yeyote asiye na rasimu. Hakina gharama, hakina foleni, na kinaweza kuanza wiki hii.

Idadi ni wanne hadi sita. Wakiwa watatu, akikosekana mmoja hakuna kikao. Wakizidi sita, zamu yako inakuja baada ya miezi. Mkutane kila baada ya wiki mbili kwa saa mbili, kazi mbili kila kikao. Mwenye zamu hutuma kurasa tano, zisizidi maneno 1,500, siku mbili kabla. Dakika kumi za kwanza mwandishi ananyamaza kabisa, na kila msomaji anajibu mambo matatu: hoja yako ni ipi kwa maneno yangu mimi, niliachwa njia panda kwenye aya gani, aya gani ingeweza kuondoka bila hasara. Ukimya wa mwandishi ndio siri yenyewe. Akiruhusiwa kueleza mapema, wote wataelewa kwa mdomo, na karatasi itabaki na giza lake. Mhariri hatampigia simu kumuuliza alimaanisha nini.

Vikundi hufa kwa njia tatu. Sifa: "Kazi nzuri sana Dokta, hongera," kikao kimeisha. Mkubwa mmoja: amekuja mwenye cheo kuliko wote, akawa msimamizi wa wote. Na WhatsApp: kundi linaanzishwa kabla ya kikao cha kwanza, likajaa salamu za Ijumaa na pole za misiba, na hakuna anayekumbuka kurasa tano. Kanuni inayokinga ni kwamba mwenye zamu asipotuma kurasa, kikao hakifutwi. Wote wanakuja na kuandika kimya saa mbili.

Asichoweza mwenzako ni kukuambia kwamba hoja yako ilishasemwa mwaka 1998, au kwamba jarida fulani halichapishi tafiti za mji mmoja. Mkifika hapo mtafuteni mkubwa mmoja mmwalike kwa kikao kimoja kila muhula. Mtu anayekataa kulea wanafunzi sita kwa mwaka hukubali kwa urahisi saa mbili za mara moja.

Anayelipwa

Mhariri wa lugha ni fundi halali na kazi yake ni ya maana. Si mlezi. Atanyoosha sentensi, atakagua marejeleo, hatakuambia kwamba sampuli haibebi madai. Mlipe wakati rasimu imepita mikono mingine yote. Aya utakayoifuta kesho hakuna haja ya kuinyooshea leo.

Anayekuahidi kwamba makala "itatoka ndani ya siku saba, uhakika" hauzi ulezi. Jina la "predatory" (wawindaji) kwa wachapishaji wanaokula ada bila uhakiki wa kweli lilienezwa na mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall tangu 2010, na orodha yake ya wachapishaji hao iliondolewa mtandaoni Januari 2017, kwa hiyo nakala zinazozunguka zisichukuliwe kama msahafu. Kagua mwenyewe. Orodha ya maswali ya Think. Check. Submit., ya tangu 2015, inafanyika kwa dakika 20. Jarida likidai limo kwenye DOAJ (saraka ya majarida yanayosomwa bure) au African Journals Online (AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika), usiamini nembo iliyo kwenye ukurasa wake. Nenda ukalitafute ndani ya DOAJ au AJOL kwenyewe, kisha ufuate kiungo kutoka hapo, kwa sababu zipo tovuti bandia zinazovaa jina la jarida la kweli. AJOL, iliyoanza 1998, ina pia viwango vya ubora wa uchapishaji, JPPS, vinavyoonesha jarida lina nyota ngapi, hadi tatu. Na kama jarida la kweli linatoza ada, omba msamaha wa ada kabla ya kutuma makala. Baada ya kukubaliwa, wengi watakuambia umechelewa.

Akili mnemba nayo siku hizi huchukuliwa kama mlezi wa bure. Kwa kunyoosha lugha inasaidia, ila soma sera ya jarida utangaze ulivyoitumia. COPE (kamati ya maadili ya uchapishaji) na ICMJE zilieleza bayana mwaka 2023 kwamba haiwezi kuwa mwandishi. Kwa marejeleo usiitegemee: hutunga vitabu ambavyo havikuandikwa.

Ukiandika kwa Kiswahili

Mizani inabadilika. Mlezi wa mtandaoni asiyesoma Kiswahili anaweza kushauri kuhusu muundo tu, tena kupitia ikisiri ya Kiingereza. Kinachofaa ni kikundi pamoja na mtu mmoja wa nje ya chuo chako anayeyajua majarida yetu: Kiswahili la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) na Kioo cha Lugha, yote pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi, au Swahili Forum la Ujerumani linalosomwa bure mtandaoni. Mtu huyo hupatikana kongamanoni, iwe la chama cha Kiswahili kama CHAKAMA, CHAKITA au CHAUKIDU. Wasilisha kipande chenye hoja moja, mpe rafiki kazi ya kuandika kila swali litakaloulizwa pamoja na jina la muulizaji, na wiki hiyohiyo mwandikie aliyekubana zaidi. Aliyekubana ndiye aliyesikiliza.

Tungechagua vipi

Huna rasimu: kikundi leo, na kambi ikitokea uende nayo data iliyokwisha. Una sura ya tasnifu: msimamizi kwa kurasa mbili na maswali matatu, kisha mtu baridi asiyeijua kazi yako. Una rasimu na hujui pa kuipeleka: yeyote aliyechapisha kwenye fani yako ndani ya miaka mitano iliyopita, na mkutubi wa chuo, ambaye husahaulika ingawa kuyakagua majarida ni kazi yake ya kila siku. Usitume kwa majarida mawili kwa mpigo ili "litakalojibu kwanza". Likigundulika, milango yote miwili hufungwa. Na kama tasnifu iko kwenye hazina ya kidijiti ya chuo, programu ya kukagua ufanano wa maandishi itaonesha asilimia kubwa kwa sababu inakulinganisha na wewe mwenyewe. Taja kwenye barua kwa mhariri kwamba makala imetokana na tasnifu, uweke na kiungo chake.

Maoni yakirudi

Hapa ndipo mlezi mwenye uzoefu ana thamani kuliko hatua zote, na ndipo chipukizi wengi humficha. "Marekebisho makubwa" husomwa kama kufukuzwa, kumbe mhariri asiyeitaka makala huikataa, hapotezi muda kuomba irudi. Isome barua, ifunge siku mbili, kisha mpelekee mlezi wako maoni pamoja na jedwali la safu tatu: maoni neno kwa neno, jibu lako, mahali ulipobadilisha.

Mhakiki ameandika, tuseme, "Mazungumzo 24 ni machache kwa madai ya mwandishi." Jibu bovu ni "Tumerekebisha," kwa sababu mhakiki atalazimika kuwinda, na mhakiki anayewinda hukasirika. Jibu linalopita ni hili: "Tunakubali kwamba idadi hairuhusu kujumlisha kwa wauza simu wote. Tumebadilisha 'wauza simu hutumia' kuwa 'wauza simu tuliowarekodi walitumia' (uk. 2, mstari wa 14, uk. 11, mstari wa 6) na tumeongeza aya ya mipaka ya utafiti (uk. 13)." Inaruhusiwa pia kukataa. Kama anakutaka utumie nadharia isiyohusika, sema kwa adabu kwa nini haihusiki, taja chanzo kimoja, na umpe japo sentensi moja ndani ya makala inayoonesha umemsikia.

Maoni mawili yakipingana, mmoja akisema fupisha na mwingine akisema panua sehemu ileile, usijaribu kuwaridhisha wote. Mwandikie mhariri, mweleze umefuata lipi na kwa nini. Na kama jarida limekupa siku 60 na unaona hazitoshi, omba nyongeza siku ya 45 kwa barua ya mistari mitatu yenye tarehe mpya. Wahariri huzoea barua hizo. Kinachowafanya wafunge faili ni kimya.